Hewa Laini ya Jecha

Anayetaka kuambiwa mambo haya yalitokea mwaka gani na atusamehe, kwa kuwa katika Nyumba ya Upepo miaka ilipigwa marufuku. Wakati ulihesabiwa kwa maanguko. Mtu akiulizwa ameanza kazi lini alijibu, "Tangu anguko la mia mbili," na akiulizwa umri wake alikuna kichwa. Sikitu, kwa mfano, aliingia akiwa na miaka kumi na saba, akafikisha ishirini na tisa katika wiki moja ambayo ndege zilimlipukia mfululizo, kisha akarudi kumi na saba mchana huu tunaousimulia, bila keki wala mshumaa. Hakuna aliyeshangaa. Mahali ambapo mtu hufa saa tatu na saa nne yuko kwenye foleni ya uji na kikombe chake mkononi, umri ni jambo la kuwasumbua wageni.

Nyumba yenyewe ilikuwa bwalo refu. Madirisha yake yalipakwa rangi nyeupe ili mtu asiione mbingu halisi akashawishika kulinganisha. Ndani mlikuwa na safu za meza, kila meza na kioo chake cha kompyuta, kijiti cha kuongozea ndege na pedali mbili chini ya miguu. Nchi ile ilikuwa vitani na nchi ya ng'ambo ya mlima, vita vya siku nyingi, ambavyo sababu yake ilikuwa imepotea kama ndala za bweni: kila mtu aliapa alikuwa nayo jana. Ndege za kweli zilikuwa chache na mafuta yake machache zaidi, kwa hiyo vijana walijifunza kuruka na kupigana ndani ya mchezo, na aliyewashinda wenzake mchezoni alikabidhiwa ndege yenye chuma na moto. Ndiyo maana ilibidi hewa ya mchezo ifanane na hewa ya Mungu. Na ndiyo maana waliajiriwa wapimaji, watu wenye kazi moja tukufu kuliko zote zilizowahi kubuniwa na serikali: kuanguka, kisha kueleza kama anguko lilikuwa la kweli.

Waliotunga hewa hiyo waliitwa Waandishi wa Hewa. Walikaa ghorofani, hawakuonekana, na mtu akiwauliza wazee wa nyumba kama kweli wapo, alionyeshwa tundu darini na kikapu kinachoning'inia kwa kamba. Kikapu kilishuka na karatasi yenye swali moja tu: Je, hewa ni ya kweli? Chini yake palikuwa na mstari wa jibu na mstari wa jina. Mpimaji alijaza, kikapu kikapanda, na lolote lililoandikwa likatendeka. Ukiandika ndege nzito, inapunguzwa. Ukiandika inapinda polepole, inaharakishwa. Hawakuuliza kwa nini. Watu wengi humwomba Mungu wa namna hiyo, na ni vyema hawapewi.

Walikuwa na desturi moja. Mtu akianguka, bwalo zima lilimwambia "Pole!" bila kugeuza shingo, naye akajibu "Nimeshapoa," akaanza upya. Kwa siku pole zilifika mia tano, zikapita juu ya vichwa kama nzi.

Mchana huo kiranja wa bwalo, Bwana Lukindo, mtu wa makamo aliyevaa kaptula ya kaki na kubeba kengele ya shaba kama fimbo ya ufalme, alisimama katikati ya safu.

"Sikitu binti Mshamu!"

"Nipo."

"Simama unapoitwa."

"Nimesimama, Bwana Lukindo. Ndio urefu wangu huu."

Bwalo likacheka. Lukindo hakucheka, alikuwa ameacha kucheka tangu siku alipotiliwa chumvi kwenye uji, na alikuwa na hakika, wala hakukosea, ni nani aliyeitia. Akaweka karatasi mezani.

"Kipungu," alisema.

Kicheko kikakatika. Kipungu ilikuwa ndege ya vita, ndogo, ya kiti kimoja, kipenzi cha kila mwanafunzi.

"Darasa lililopita walikwenda tisa na Kipungu," alisema Lukindo. "Wote tisa wameanguka. Hakuna aliyeguswa na risasi. Walikuwa wanakata kona, wakaanguka. Huko juu wanauliza kama hewa yake ni ya kweli. Darasa jipya, vijana arobaini, wako chumba cha pili wanasubiri. Kengele ya mchana ikilia wanaanza kufunzwa nayo. Nataka jibu kabla ya kengele."

"Nikijibu ni ya kweli?"

"Watafunzwa kama ilivyo."

"Na nikijibu si ya kweli?"

"Itasahihishwa. Usinihoji, mimi napiga kengele tu." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo haikuzoea kutoka kinywani mwake, akaongeza, "Najua mdogo wako alikuwa mmoja wa wale tisa. Ningempa mwingine karatasi hii. Ila wewe ndiye uliyeipima mara ya kwanza."

Akaenda zake. Sikitu akakaa. Jibu alikuwa nalo kabla hajagusa kijiti.

Hapa inafaa msomaji aketi vizuri aelezwe jinsi ndege inavyokaa juu, maana anguko la watu tisa limo ndani ya jambo hilo dogo. Hewa hulishika bawa kama mama anavyomshika mtoto mkono sokoni. Ukienda naye vizuri, hakuachii. Lakini ukiinua pua ya ndege mno, ukavuta kijiti kwa tamaa, mkono wa hewa huteleza. Na jambo la kutisha ni kwamba kwenye kona kali hewa huachia mapema, wakati mwendo bado mkubwa, injini inaimba, na wewe unamwona adui mbele yako, bado upana wa kidole tu umpate. Kwanza ndege hutetemeka. Hiyo ndiyo barua yake ya mwisho kwako. Usipoisoma, bawa moja hudondoka, tumbo hugeuka juu, na ndege nzima huzunguka kama pia. Dawa ni moja: sukuma kijiti mbele. Sukuma pua kule kule chini unakokuogopa. Ardhi inajaa kiooni, mwili mzima unapiga kelele vuta, vuta, nawe unasukuma. Hakuna mtu aliyewahi kulielewa jambo hili kwa kuambiwa. Hueleweka kwa kuanguka, na kwa kuanguka tena, mpaka siku moja mkono unakuwa na akili kuliko mwenye mkono.

Jecha, mdogo wake Sikitu, hakuwa ameifikia siku hiyo.

Alipoingia darasani alikuwa mwembamba, mwenye masikio ya kusikia mvua ya wiki ijayo, na kila alipopanda Kipungu alianguka. Wenzake wakampa jina Mvua ya Mawe. Akipita varandani, waliinua sinia vichwani kujikinga. Akacheka nao kwa siku kadhaa, kama inavyompasa mtu wa bweni. Kisha jioni moja alikuja kwenye meza ya dada yake, akachuchumaa chini ili asionekane.

"Da Siki, ndege yako inanichukia."

"Ndege haimchukii mtu. Ulivuta mno."

"Nilivuta kama wenzangu."

"Wenzako nao wanaanguka."

"Lakini wao hawaitwi Mvua ya Mawe." Akafuta pua kwa kiwiko. "Nataka kurudi nyumbani."

Na nyumbani, ijulikane, hapakuwapo. Wawili wale walikuwa wamebaki wenyewe. Sikitu aliyatazama yale masikio. Sikitu aliyetia chumvi kwenye uji, aliyewahi kuificha kengele ndani ya pipa la unga ili bwalo zima lilale mpaka jua limepanda, aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa ya Kipungu. Je, hewa ni ya kweli? Akaandika: Hapana. Inaanguka mno. Ilainishwe. Akatia jina, akavuta kamba ya kikapu, akamkonyeza mdogo wake. Aliwahi kuwadanganya viranja, wapishi na mkaguzi. Siku hiyo alidanganya upepo, na upepo ukakubali.

Baada ya hapo, Kipungu ilipovutwa mno ilitetemeka kidogo kwa heshima, kama mzee anayeguna, kisha ikaendelea kupinda. Jecha akakata kona ambazo kipungu mwenye manyoya asingezikata. Akawashinda wote. Wakambeba mabegani kulizunguka bwalo, na yeye kutoka juu akamtafuta dada yake kwa macho, akampata, akampigia saluti. Wiki ile ile akapewa ndege ya kweli.

Sasa, mchana huu wa karatasi ya Lukindo, Sikitu alivaa hedifoni, akaiondosha Kipungu ardhini. Pembeni aliweka kitabu cha waliounda ndege ya kweli, saa ya kupimia sekunde na daftari. Juu ya kioo alikuwa amebandika uzi mwekundu ili macho yapate mstari wa kulinganishia pua. Akapanda mpaka juu ya mawingu ya bandia, akapunguza mwendo, akavuta. Kitabu kilisema bawa liachie hapa. Halikuachia. Akaandika. Akakata kona kulia, akavuta kwa mikono miwili, kwa ubaya wote aliokuwa nao. Mguno wa heshima. Kona ikaendelea. Akaandika. Kushoto vivyo hivyo.

Kisha ndege nyingine ikatokea ubavuni mwake.

Alijua ingetokea. Ushindi wa bingwa ulikuwa umehifadhiwa ndani ya mchezo ili wajao washindane nao, na kila aliyepanda Kipungu aliruka pamoja naye. Haikuwa picha. Mashine ilihifadhi mikono tu: Jecha alivuta wapi, kwa nguvu gani, alikanyaga pedali ipi. Kila mara ile mikono ilirudishiwa ndege, na ndege ikarudishiwa hewa. Katika hewa laini ilipinda, ikashinda. Ilikuwa ikipinda na kushinda tangu alipozikwa.

"Da Siki! Umechelewa. Nimekuzunguka mara tatu."

Katika nyumba ile marehemu walizungumza, hasa mchana kukiwa na joto, na haikuwa adabu kuonyesha mshangao.

"Nilikuwa na Lukindo."

"Bado anavaa kaptula?"

"Ile ile."

"Mungu amlinde na mbu." Ndege yake ikajilaza ubavu, ikapita chini ya tumbo la ndege ya dada yake, ikaibuka upande wa pili. "Umeona hiyo? Hebu sema umeiona."

"Nimeiona."

"Mbona unaandika? Unanipima?"

"Naipima hewa."

 Wakaruka sambamba juu ya mashamba yaliyochorwa na mtu ambaye hakuwahi kulima.

"Kule kwenye ndege ya kweli," alisema Jecha, "ilitetemeka, nikajua itaguna tu. Nikavuta. Ikageuka. Nikadhani sijavuta vya kutosha, nikavuta zaidi. Nilikuwa navuta mpaka mwisho, Da Siki. Nilikuwa nafanya kile ninachokijua."

"Najua."

"Unajuaje?"

Sikitu alitazama uzi mwekundu. "Niliandika kwamba inaanguka mno."

"Ilikuwa inaanguka mno?"

"Ilikuwa inaanguka sawasawa."

 Jecha akatoa kicheko, kifupi, kile cha mtu aliyekalia gundi kwenye kiti na bado anataka kuusifu ufundi wa aliyeipaka. "Kwa hiyo sikuwa bingwa."

"Ulikuwa na mkono mzuri, ulikuwa na jicho, ulikuwa..."

"Da Siki. Usinilainishie tena."

 Jecha akauliza swali ambalo dada yake alikuwa amelikimbia tangu siku ya mazishi, akilizunguka bwalo zima nalo likimfuata kwa miguu mitupu. "Ungeniacha niendelee kuanguka, ningejifunza?"

"Ungejifunza."

"Unasema tu."

"Sisemi tu. Anguko lako la mwisho kabla sijaandika, nilikutazama. Ulianza kusukuma. Ulichelewa muda wa chafya moja."

"Nilikuwa nimebakiza maanguko mangapi?"

"Kumi. Pengine manane."

"Manane," alisema Jecha, kama anayesoma bango la mbali. "Na ukiandika leo, watairudisha hewa. Na mikono yangu ni hii hii."

"Ndiyo."

"Nitaanguka hapa pia."

"Hapa pia."

"Huwa inauma?"

"Sijui. Mimi nikianguka hushuka kwenye kiti."

"Basi mimi sitaki." Sauti yake ilikuwa ya jioni ile, ya chini ya meza. "Tunaambiana ukweli leo, si ndiyo? Sitaki, Da Siki."

Sikitu alivua hedifoni. Meza ya pili alikaa Nyange, mpimaji wa ndege za mizigo, mwanamume mpole aliyekuwa ameanguka na magunia mengi kuliko mpimaji yeyote. Alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo, na upande mmoja ulitosha.

"Andika ni ya kweli," alinong'ona. "Nani atajua? Watasema wale tisa walikuwa wazembe. Marehemu hawakati rufaa."

"Huyu anakata."

"Basi mridhishe. Ni wako."

Nyuma ya ukuta darasa jipya lilikuwa limeruhusiwa kuonja Kipungu wakisubiri. Walikuwa wakicheka. "Tazama, tazama, navuta mpaka mwisho na haifanyi kitu!" msichana mmoja alipiga kelele, na wenzake wakapiga meza kwa furaha.

Haifanyi kitu. Mpaka mwisho, aliwaza Sikitu, na haifanyi kitu. Ni wangu. Na hawa ni wa nani? Ni wa mtu. Kila mmoja ana mtu aliyemtazama masikio. Nikiandika ni ya kweli, ninaye. Kila siku ninaye, mchana, kukiwa na joto. Amekufa mara moja tu. Wao arobaini watakufa mara moja tu. Nikiandika si ya kweli, anaanguka tena. Chafya moja. Upendo ni nini basi, kama si kumzuia mtu asianguke? Lakini nilimzuia. Nilimzuia, nilimzuia, hata akaanguka.

Akachukua kalamu. Katika mstari wa jibu aliandika: Si ya kweli. Ni laini. Bawa haliachii. Irudishwe kama kitabu kinavyosema. Mpimaji wa kwanza alijua, akadanganya. Katika mstari wa jina aliandika jina lake, na wino haukutetemeka, jambo lililomuudhi. Kikapu kikapanda.

Sheria ilikuwa kwamba aliyesahihisha hewa ndiye aruke nayo kwanza. Akavaa tena hedifoni. Mabadiliko hayakuonekana kwa macho. Kijiti tu kilikuwa kizito, kama mkono wa mtu aliyekununia. Jecha alikuwa palepale.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Hakujibu. Mikono yake ilikuwa imefika kwenye ile kona, ile ya ushindi. Ndege ikalala ubavu. Ikavutwa. Ikatetemeka.

"Eeh?" alisema Jecha.

Bawa la kushoto likadondoka. Tumbo likageuka juu. Ndege ikazunguka kama pia, na mikono yake, mitiifu mno, ikavuta, ikavuta, mpaka mashamba yaliyochorwa yakampokea.

"Pole!" likasema bwalo bila kugeuka.

Jibu halikuja. Vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja. Nyange akasimama. Bwana Lukindo alitazama saa ya ukutani, akaitazama kengele yake, akangoja dakika nzima ambayo haikuwa kwenye ratiba ya nchi ile, kisha akaipiga polepole.

Kikapu kilishuka na karatasi moja zaidi. Ndege ya bingwa iliyohifadhiwa sasa inaanguka. Iondolewe? Sikitu aliisoma mara mbili. Akaandika: Ibaki. Wamtazame mikono. Kisha akauvuka mlango wa chumba cha pili, maana aliyesahihisha ndiye anayefundisha.

Wale arobaini walikuwa wamenuna.

"Mwalimu, mmeiharibu," alisema yule msichana wa sauti kubwa. "Ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri," alikubali Sikitu. "Rukeni."

Wakaruka, na katika kila kioo, ubavuni mwa kila mmoja, ikatokea ndege ya bingwa. Ndege arobaini za Jecha, zenye mikono ileile. Wakaifuata kwenye kona. Ikavuta, nao wakavuta. Ikaanguka, nao wakaanguka. Chumba kikajaa laana na vicheko vya aibu.

"Huyu bingwa gani hajui kitu?" aliuliza mmoja. "Alifunzwa na nani?"

"Na mimi," alisema Sikitu. "Tena."

Wakaanguka tena. Wakaanguka mara sita, mara saba. Sikitu alitembea katikati ya meza akisema alivyopaswa kusema, pembe, mwendo, mtetemeko, wala hakuna aliyemsikia, kwa sababu jambo hili halisikiki. Mara ya nane alisimama nyuma ya chumba, mahali ambapo vioo vyote arobaini vilionekana kwa pamoja, na akaona kona inakuja. Ndege arobaini za mdogo wake zililala ubavu. Mikono yake ikaanza kuvuta. Mtetemeko ukaanza. Na mwalimu, aliyekuwa ameshaacha kusema, akasahau darasa, akasahau Nyumba na vita na Waandishi wa Hewa, akapiga kelele kwa sauti iliyomkwaruza koo:

"Sukuma! Sukuma mbele, sukuma!"

Vijana walishtuka. Walidhani wanaambiwa wao. Mikono arobaini ikasukuma kabla wenyewe hawajaamua. Pua zikaelekea kwenye ardhi waliyoiogopa, na hewa ikayashika mabawa yao. Mmoja baada ya mwingine wakanyooka, wakapanda, midomo wazi.

"Mwalimu!" yule msichana alipiga kelele. "Mwalimu, imekubali!"

Sikitu alikuwa akimtazama Jecha, ambaye hakusikia, anavyovuta.